Jumatano za Mama Pacha

Jumanne, 17 Februari

Jumapili Mchungaji alituambia tusijinyime sukari tu Kwaresima hii, bali kila mtu atafute daftari, aandike kila siku walau mstari mmoja wa kweli juu ya nafsi yake. "Hakuna atakayeusoma," alisema, "kwa hiyo hakuna sababu ya kujipamba." Nimechukua daftari la vipimo vya wateja, maana lina kurasa nyingi tupu.

Ya kweli ni haya. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka hamsini na sita, na huu ni mwaka wa ishirini na mbili nikipiga kinanda na kufundisha kwaya ya usharika wetu. Mke wangu ni muuguzi. Kwenye kwaya huimba sauti ya pili, mstari wa nyuma, karibu na nguzo. Watu humwita Mama Pacha, na mimi Baba Pacha. Binti yetu anafundisha shule mji mwingine. Juu ya pacha mwenzake sitaandika.

Jumatano ya Majivu, 18 Februari

Mwinjilisti wetu amevunjika mguu. Asubuhi alipanda ngazi kufunga kitambaa cha zambarau kwenye msalaba, ngazi ikateleza juu ya vigae, naye akashuka nayo. Alipokuwa anabebwa bado alikuwa anauliza kama kitambaa kimekaa sawa.

Ibada ikaendelea. Haleluya tumeiweka kando hadi Pasaka, na Utukufu pia. Napenda majira haya. Nyimbo zinakuwa za polepole, na kwenye nyimbo za polepole ndipo mpiga kinanda anajulikana.

Baada ya ibada Mchungaji alituita mimi na mke wangu sakristia. Ana mitaa mitatu ya kuhudumia, na zile ibada za Jumatano saa kumi na moja jioni, za kusoma historia ya mateso, siku zote zilikuwa za Mwinjilisti.

"Nahitaji mtu wa kuziongoza," alisema, "na kusema neno fupi. Robo saa tu."

Nilikuwa nimeshaanza kusafisha koo.

"Mama, ile sala uliyoongoza kwenye umoja wa wanawake mwaka jana sijaisahau. Utaweza?"

Mama Pacha akanitazama. Nikasema, "Ataweza," kama vile nimeulizwa mimi.

Alhamisi, 19 Februari

Suruali sita za sare. Bobini ya cherehani imenisumbua mchana kutwa.

Jumapili, 22 Februari

Wakati wa matangazo Mchungaji alimtaja Mama Pacha, na watu wote wakageuka kutazama nguzo. Kwa miaka yote hii sijawahi kuona watu wakigeuka kutazama kinanda.

Jumatano, 25 Februari

Watu walikuwa ishirini na watatu. Alikuja moja kwa moja kutoka zamu, na viatu vyake vyeupe vya kazi. Hakupanda mimbarani. Alisimama kwenye ngazi ya chini ya altare, akasoma habari za bustanini na wanafunzi waliolala, kisha akafunga kitabu.

Alisema katika kazi yake amewaona watu wengi wakilala kwenye kiti kando ya kitanda cha mtu wanayempenda. Si kwamba hawapendi, alisema. Mwili una kikomo chake, na Yesu alikijua, ndiyo maana aliwaamsha mara tatu na hakumfukuza hata mmoja. Hakupaza sauti. Alisema kama anavyosema na jirani ukutani, huku anaanika nguo.

Nilijivuna, kwa kweli kabisa, kwa muda wa wimbo mmoja hivi. Kisha mlangoni mama mmoja akanishika mkono na kusema, "Kumbe wewe ndiye mume wake."

Ijumaa, 27 Februari

Wateja wawili walikuja kuchukua nguo. Wote wawili walinisifia mke. Suruali hakuna aliyeisifia, na ni suruali nzuri.

Jumatano, 4 Machi

Walikuwa sitini hivi. Somo lilikuwa Petro kwenye moto wa makaa.

Niandike ukweli. Nyimbo nazichagua mimi, na leo nilichagua wimbo wa beti tisa, tukaimba zote tisa, na katikati nikapiga kinanda peke yake mara mbili. Mama Pacha aliposimama, saa ya ukutani ilikuwa imemwachia dakika saba. Alitazama karatasi zake, akazikunja, akazitia mfukoni. Akasema Petro hakukosa kwa kusogelea moto, maana baridi ni baridi; alikosa kwa kujifanya hana mtu wake mle ndani. Dakika tano tu, kisha akakaa. Ilikuwa bora kuliko robo saa ya juma lililopita.

Tukirudi nyumbani akaniambia, "Umenisaidia, Baba Pacha. Nilikuwa na maneno mengi mno."

Hakuwa anakejeli. Hilo ndilo lililoniuma.

Ijumaa, 6 Machi

Joto. Hakuna dalili ya mvua.

Jumatatu, 9 Machi

Muuza nyama, ambaye huimba sauti ya nne na ndiye mhimili wake, alikuja kupunguziwa suruali. Nikiwa nimepiga magoti na pini mdomoni, akasema, "Mama akizungumza, nakumbuka mambo niliyokuwa nimeyasahau makusudi."

Nikatoa pini. "Na kwaya, unaionaje siku hizi?"

Akafikiri. "Kwaya ipo," akasema.

Jumanne, 10 Machi

Mama Pacha alikuwa anaandika kwenye meza ya jikoni, miwani puani, mguu mmoja ameukalia kama msichana. Akaniomba nimsikilize. Ilikuwa habari ya Pilato kunawa mikono, na jinsi wao wauguzi wanavyonawa mikono mara hamsini kwa siku, lakini wanarudi kitandani. Ilikuwa nzuri. Niliona uzuri wake mara moja, kama ninavyoona kitambaa kizuri kabla sijakigusa.

Nikamwambia, "Tatizo watu wanasema unaifanya altare kuwa benchi la hospitali."

"Nani anasema?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu, Mama Pacha. Unataka orodha?"

Alivuta mstari mmoja mrefu wa kalamu juu ya ukurasa, kisha mwingine.

Hakuna mtu aliyesema hivyo. Nilimwona akikata maneno yake na sikufungua mdomo.

Jumatano, 11 Machi

Kanisa lilijaa hadi wakaleta viti vya darasa la watoto. Naye akawasomea maneno makavu kutoka vitabuni, akichungulia karatasi kila sentensi. Watu wakakohoa. Mzee mmoja akatazama saa bila kujificha. Nilicheza wimbo wa mwisho kwa vidole vyepesi sana.

Getini Mwinjilisti alikuwa ameegemea magongo yake. Akamwuliza, "Mwanangu, leo ulikuwa unaongea na nani?"

"Na watu," akasema Mama Pacha, akatembea mbele yangu njia nzima.

Alhamisi, 12 Machi

Jana sikuandika neno moja: nilifurahi.

Jumatano, 18 Machi

Amerudia mtindo wake. Hakuja na karatasi kabisa.

Alisoma habari ya kusulubiwa, kisha akasimulia kuhusu baba mmoja aliyekaa kwenye benchi la korido, nje ya wodi ya watoto, na sweta la mwanawe mikononi. Baba yule alilikunja sweta hadi likawa saizi ya kiganja, akalikunjua, akalikunja tena. Wakaja kumwambia mtoto ameshakata roho. Akasema, "Subirini kidogo, halijakaa sawa," akaendelea kukunja. Mama Pacha akasema, "Mimi sijui Baba wa mbinguni alifanya nini siku ile mwanawe alipokufa. Ila najua baba mmoja alifanya nini." Hakumalizia.

Nilisikia watu wanalia, benchi kwa benchi, kama mvua inavyoanzia upande mmoja wa paa. Muuza nyama alitoka nje kabisa. Mchungaji, aliyefika mwishoni, alivua miwani.

Nilikaa pale nimeweka vidole kwenye kinanda nikijiambia: hayo ni mambo ya mgonjwa. Anachukua machozi ya watu wa wodini anakuja kujipatia sifa kanisani. Ndivyo nilivyojiambia, na nikaridhika, kwa sababu sasa nilikuwa na sababu.

Alhamisi, 19 Machi

Mzee Nukta alileta koti lake nilibane kiunoni. Ni katibu wa baraza la wazee. Zamani alikuwa karani wa mahakama, na kwa sababu hakimu alikuwa akimsomea maneno ya kuandika pamoja na alama zake, naye mpaka leo humaliza sentensi kwa kutamka "nukta". Hapo ndipo jina lilipotoka.

Nikamwambia, huku napaka chaki mgongoni mwake, "Mimi simo, Mzee. Nakuuliza tu wewe mtu wa sheria. Hivi muuguzi anaruhusiwa kusimulia ya wagonjwa wake mbele za watu?"

Akageuka na pini zote mwilini. "Hilo ni jambo," akasema. "Ni jambo zito, nukta."

"Nimeuliza tu."

"Umefanya vyema. Jina lako sitalitaja, nukta."

Ijumaa, 20 Machi

Nimeshona kola moja mara tatu, na mara tatu imepinda.

Jumatatu, 23 Machi

Mzee Nukta hafanyi jambo nusu. Aliliandikia baraza barua, na nakala akaipeleka hospitali, eti taratibu zifuatwe. Leo mchana Mama Pacha amerudi na bahasha kutoka kwa mkuu wa wauguzi. Akae nyumbani mpaka atoe maelezo kwa maandishi kuhusu tuhuma za kutangaza siri za wagonjwa. Na Jumamosi anaitwa na baraza la wazee. Miaka ishirini na tisa ya kazi, na hajawahi kupewa hata onyo la kuchelewa.

Aliiweka barua mezani, kando ya kopo la chumvi, akailainisha kwa kiganja.

"Nani ana chuki na mimi kiasi hiki?" akaniuliza.

Nikasema, "Sijui."

Jumanne, 24 Machi

Hakuvaa sare. Amefua mapazia yote ya nyumba.

Jumatano, 25 Machi

Mchungaji aliongoza mwenyewe. Watu walikuja thelathini, wakaulizana Mama yuko wapi, wengine wakaondoka kabla ya somo. Nilicheza vizuri kuliko nilivyowahi kucheza mwaka huu wote. Hakuna aliyenisikiliza zaidi ya zamani.

Nilipofika nyumbani nilimkuta jikoni na fomu ya maelezo. Kalamu iko juu yake, haijafunguliwa kifuniko. "Nikiandika," alisema, "itabidi niandike yote." Nikadhani anaogopa. Nikamwambia aseme tu kwamba ameibuni hadithi ile. Alinitazama muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Niseme nimeibuni mimi?" akasema.

Jumamosi, 28 Machi

Nitaandika taratibu, kila kitu kama kilivyokwenda.

Baraza lilikaa saa tisa alasiri kwenye ofisi ya usharika. Wazee sita, Mchungaji, Mama Pacha upande wa pili wa meza, na mimi kwenye kiti cha ukutani, kwa kuwa waliona si vizuri mwanamke aje bila mumewe. Feni ilikuwa inazunguka na karatasi zimewekewa Biblia juu zisiruke.

Mzee Nukta akasimama. "Mama, hadithi ya yule baba na sweta, ni ya kweli au ya kubuni, alama ya kuuliza?"

"Ya kweli."

"Mtoto huyo alikuwa mgonjwa wako?"

"Hapana. Mimi wakati ule nilikuwa wodi ya wazazi, jengo la pili."

"Basi habari zake ulizipataje?"

"Muuguzi aliyekuwa zamu aliniambia. Nilikuwa na haki ya kuambiwa."

"Haki gani hiyo?"

"Mimi ndiye mama yake," akasema Mama Pacha.

Mama Pacha hakuwa analia. Alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya meza, kucha fupi, kama anavyoiweka akisubiri sahani.

"Mnaniita Mama Pacha," akaendelea, "na mnamwona binti mmoja tu. Wengi wenu mlihamia usharika huu baadaye, na waliokuwepo walituonea huruma wakanyamaza. Wa kiume alikuwa na miaka mitano. Alipata homa ya uti wa mgongo, akaenda asubuhi moja, miaka kumi na saba iliyopita. Sweta lilikuwa la kijani. Nililifuma mimi. Na baba aliyekuwa analikunja ni huyu hapa."

Hakuninyooshea kidole. Alinigeukia tu.

"Nilisimulia yeye akiwa kwenye kinanda, hatua kumi kutoka nilipokuwa. Nyumbani nimejaribu miaka yote hii. Nikifungua mdomo anatoka kwenda kushona. Nikasema labda kanisani hataweza kutoka. Nilidhani angesikia."

Sasa naandika yale ambayo sikuweza kuyasema mle ndani. Sikusikia. Nilikaa pale Jumatano ile nikahesabu wanaolia, na mtu anayeliliwa alikuwa mimi, na mtoto alikuwa wangu. "Halijakaa sawa" ni maneno yangu mwenyewe. Nilipofunua nyuma kwenye daftari hili na kusoma nilichoandika tarehe kumi na nane, niliona nimeyaandika kwa mkono wangu bila kuyatambua.

Mchungaji akamwambia Mama Pacha pole, na wazee wote wakasema pole, mmoja mmoja. Kisha Mchungaji akamwuliza Mzee Nukta ni nani aliyeleta jambo hili. Mzee Nukta akatazama kalamu yake.

"Ni mtu wa kuaminika," akasema. Hakumalizia kwa nukta.

Nami nikakaa kimya kwenye kiti changu cha ukutani.

Jumapili ya Mitende, 29 Machi

Nimecheza. Nguzo haikuwa na mtu.

Jumatatu, 30 Machi

Ananipikia, ananitengea, anaondoka mezani.

Jumanne, 31 Machi

Mvua ya kwanza. Tulikimbia wote wawili kuanua nguo, tukagongana mlangoni, akasema "samahani" kama mtu wa njiani.

Jumatano, 1 Aprili

Mchungaji amekuja kumwomba aongoze leo. Mama Pacha alimkaribisha chai, akamwambia amechoka. Fomu bado iko mezani. Kalamu bado imefunikwa.

Alhamisi Kuu, 2 Aprili

Leo jioni ni Meza ya Bwana, na kabla yake sala ya toba. Nimeipigia kinanda sala ile miaka ishirini na miwili bila kusita. Asubuhi nilijua siwezi kuipigia leo.

Nilimkuta jikoni anachambua mchele. Nikasema nikiwa nimesimama, "Ni mimi niliyemwambia Mzee Nukta."

Mikono yake haikusimama. "Nimejua tangu Jumamosi," akasema. "Koti lake lilikuwa na chaki yako mgongoni."

"Sikujua kwamba ni…"

"Hilo najua hukujua. Lakini kazi yangu, ulijua inaweza kwenda?"

Nilitaka kusema sikufikiri. Nikakumbuka daftari hili na mstari wa kweli. "Nilijua," nikasema. "Na yale ya watu kusema altare ni benchi la hospitali, niliyatunga mimi. Na beti tisa pia zilikuwa za makusudi."

Hapo ndipo alipoacha mchele.

"Wakati nasimulia," akasema, "wakati nasema habari ya sweta, wewe ulikuwa unasikiliza nini?"

"Nilikuwa nasikiliza watu wanavyokusikiliza."

Akatikisa kichwa taratibu, si kwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira. "Kayaseme hivyo hivyo hospitali," akasema. "Mimi sitamwandika mwanangu kwenye fomu kwa sababu ya wivu wako. Kaandike wewe."

Nilikwenda. Mkuu wa wauguzi ni mama mnene mwenye kalamu tatu kifuani. Nilikaa mbele yake nikaeleza yote, nikaijaza fomu, na nilipofika kwenye sweta la kijani akanishika mkono nisiandike zaidi.

"Barua haikusema hadithi ipi," akasema. "Ningejua ni ile, nisingemwandikia. Mimi ndiye niliyekuwa zamu asubuhi ile, Baba. Mimi ndiye niliyekujia pale benchini." Akaichana barua ya Mzee Nukta vipande viwili, akavitia ndani ya faili hivyo hivyo vilivyochanika. "Arudi kazini Jumanne."

Nilitoka nikamwendea Mzee Nukta, kisha Mchungaji. Mzee Nukta alisema atawaandikia wazee kunitaja, nikamwambia atutaje wote wawili, akafikiri, akasema ni haki. Mchungaji alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza jambo moja tu, kama nimemwambia mke wangu kwanza au wao kwanza. Nikasema mke wangu. Akasema vyema.

"Kesho hutapiga kinanda," akaongeza. "Usidhani ni adhabu. Nilimwomba Mama Pacha aseme neno kesho, akaniambia atasema kinanda kikinyamaza."

Ijumaa Kuu, 3 Aprili

Altare ilikuwa tupu, imevuliwa kila kitu, hata taa. Nilikaa benchi la tatu kama mtu yeyote. Kwaya iliimba bila kinanda, sauti ya nne ikaichukua kwaya yote mgongoni, na hawakupotea. Niliona kwamba hawakupotea.

Mama Pacha alisimama ngazi ya chini. Alisema juu ya mama aliyesimama chini ya msalaba, kwamba hajaandikiwa hata neno moja siku ile, amesimama tu. "Hata mimi nilifika nikasimama," akasema. "Nilichelewa, lakini nilifika." Kisha akalitaja jina la mwanetu, jina lote, na la ubatizo, kwa sauti ya kawaida. Sikuwa nimelisikia kinywani mwa mtu kwa miaka mingi sana.

Watu walilia naye. Na hapo, nikiwa na machozi yangu mwenyewe usoni, niliona wivu tena. Nilitaka walie nami. Naandika hivyo kwa sababu niliahidi kuandika kweli. Ulikuja kama mwiba, nikauacha unichome, sikuufanyia kazi yoyote.

Jumapili ya Pasaka, 5 Aprili

Haleluya imerudi. Mchungaji ameniruhusu kupiga. Nguzo ilikuwa na mtu. Baada ya ibada alipita kwenye kinanda, akasema bila kusimama, "Kwenye ubeti wa pili ulikimbia."

Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu Alhamisi.

Jumatatu ya Pasaka, 6 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Duka sikufungua. Baada ya kifungua kinywa hakuondoka mezani.

"Sasa niambie wewe," akasema. "Mimi nimesema yangu, na hata hayo ya benchini niliambiwa na mwenzangu. Kabla ya benchi ulikuwa naye ndani. Miaka kumi na saba sijui alisema nini. Niambie."

Nilitazama mlango wa kwenda chumba cha kushonea. Akauona mtazamo wangu, akangoja.

Nikamwambia. Kwamba alfajiri mtoto alikuwa ameamka vizuri, macho meupe, nikadhani homa imeshuka. Kwamba alimwulizia mama yake. Kwamba nesi alisema, tumpigie jengo la pili aje? Nami nikasema bado, mwache amalize zamu.

"Kwa nini?" akauliza, taratibu sana.

"Siku zote alikuwa anakutaka wewe. Akianguka, wewe. Akiota vibaya, wewe. Asubuhi ile alikuwa amenikumbatia shingoni, kwa mara ya kwanza hakutaka kushuka. Nikasema niwe naye kidogo peke yangu. Nusu saa tu. Sikujua kwamba ndiyo nusu saa yenyewe. Alipozidiwa ghafla wakanitoa nje, wakatuma kukuita, na ulipokuwa unavuka ua ilikuwa imekwisha. Hicho ndicho nilichokuwa nakikunja pale, Mama Pacha. Halikuwa sweta."

Nilidhani atainuka. Nilidhani atanipiga, na nilitaka anipige. Mvua ilikuwa nzito juu ya bati. Uso wake ulikunjika, ukakunjuka, ukakunjika tena. Kisha akaweka kiganja juu ya macho na kulia, si kama kanisani, kwa sauti mbaya, ya ndani. Sikumgusa. Sikuwa na haki ya kumgusa. Lakini sikutoka.

Alipomaliza, alijifuta kwa khanga.

"Sijui nitakusamehe lini," akasema. "Sitaki kukudanganya."

"Najua."

"Na usiniombe leo."

"Sikuombi."

Akavuta pumzi. Akavuta kiti chake, akakisogeza, kikaja upande wangu wa meza.

"Hiyo nusu saa," akasema. "Mlizungumza nini?"

Nikaanza mwanzo. Alikuwa ananiuliza kama samaki hulala. Nilimwambia hulala macho wazi. Akasema basi na yeye atajaribu. Mama Pacha akanisimamisha hapo, akataka nirudie, alisemaje hasa, kwa sauti gani, na nikarudia, kwa sauti yake, neno kwa neno, mpaka chai ikapoa na hakuna aliyeinuka kuipasha.